Maji ya Tatu

Miaka thelathini na mmoja mume wangu
alionja chai kule Shimanzi na kuitema.
Vikombe mia tatu asubuhi, safu kama za swala,
kijiko, mfyonzo mmoja wa kelele,
kisha pu! kwenye tasa.
Ulimi wake ulijua mlima upi, mvua ipi,
kiwanda gani kimeunguza.
Nyumbani hakunywa. Nikimwekea ya maziwa na iliki
huitazama kama karani aliyeletewa faili Jumapili.

Sasa amestaafu, nami nimestaafishwa jiko langu.
Kila alasiri keshateka meza:
birika dogo lenye ufa,
finjani mbili za kahawa za marehemu mamangu,
na kikopo cha majani mazima aliyopewa siku ya kuagwa,
meusi, yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga.
Anatia kijiko kimoja.
Kimoja!
Maji nayo yasichemke hasa, ati, yaanze tu kunong'ona,
tena si ya kisima chetu hapa Kuze, chumvi tupu,
bali ya mtungi, ya mkokoteni wa Kazungu,
shilingi hamsini, na kumi ya kupandia ngazi.

Yale ya mwanzo akayamwaga.
Nikashika kichwa. "Twaha, wamwaga chai?"
"Hayo ni ya kuamsha, hayahesabiwi.
Mtu haulizwi neno kabla hajanawa uso."

Ya kwanza basi, yakatoka mekundu, makali,
yakanikausha ufizi.
Tukasema bei ya unga, feri ya Likoni imekwama tena,
Mishi wa chini kanunua friji, aitangazia kuta.
Ya pili yakatulia,
yana utamu ambao hakuna mtu aliyeutia.

Nikakumbuka nazi.
Nyanya yangu akikuna moja tu,
akitoa kasimile, ikikaa kando kungoja mwisho wa chungu,
akimimina maji, akikamua tena,
tui la pili likiivisha wali, la tatu likilainisha mchicha,
na machicha yakienda kwa kuku, nao wakitulipa mayai.
Hakuna aliyemwita bahili.
Mimi ndiye niliyechemsha majani hadi yakiri,
kisha sukari juu yake, kama hongo.

Ya tatu aliyaachia muda.
Jua lilishuka hadi kwenye kamba ya nguo.
Akaishika finjani kwa vidole viwili,
akafyonza kwa kelele zile za kazini,
nami kwa mazoea nikatafuta tasa kwa macho.
Akameza.
"Salwa," akasema, "hajapiga simu?"

Miaka miwili na mfungo mmoja
jina hilo halijapita kinywani mwake,
tangu aolewe na yule kijana wa Voi tusiyemtaka.
Asiyemtaka yeye. Mimi nilinyamaza tu,
na kunyamaza nako ni kutema.
Majibu nilikuwa nayo, nimeyakunja mengi, yamekauka.
Nikamimina ya nne, rangi ya mkeka mpya.
"Hupiga kila Ijumaa," nikasema,
"saa saba, ukiwa msikitini."

Hakuniuliza mbona.
Akalifunua birika, akayapakua majani kwenye kisahani,
akayatenganisha kwa ncha ya kijiko.
Yalikuwa yamefunguka yote,
na kimoja kina kikonyo chake bado,
majani mawili, chipukizi katikati,
vile kilivyochumwa.
"Miaka yote ile," akasema, "sijapata kuliona jani."
Akayarudisha.
Ya tano. Ya sita, maji ya moto tu,
na harufu ya kitu kilichopita chumbani.
Tukayanywa.

Chini Kazungu alikuwa akirudi na mitungi mitupu.
Nikamwita dirishani: kesho Ijumaa,
alete mtungi mmoja, mapema, kabla ya saa saba.

Twaha, nyuma yangu:
"Miwili."